Mirija Miwili ya Baba Mkubwa

Niwataje kwanza waliokuwepo. Krismasi ile nyumbani kwetu Kibirizi alikuwepo Bibi Konsolata, mama mzaa baba. Alikuwepo baba yangu, Nestori, fundi wa mitumbwi, na mama yangu Verediana, na mdogo wangu Simoni ambaye bado alikuwa wa mgongoni. Alikuwepo Shangazi Zainabu, dada yake baba, aliyebatizwa Dafroza, akaolewa Ujiji na Mzee Ramadhani muuza mawese, akasilimu, lakini Krismasi hakukosa hata moja. Walikuwepo majirani zetu Papa Kalumba na mkewe Mama Feza, watu waliovuka ziwa kutoka Kongo kabla sijazaliwa, pamoja na watoto wao Feza na Mateso. Alikuwepo Yustina, na mimi. Na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi, alikuwepo Baba Mkubwa Melkiori, kaka yake baba, ameshuka kutoka Kalinzi kwa miguu yake.

Wengine waliingia wakala wakatoka, maana nyumba yetu siku zile ilikuwa kama gatini. Hao sitawachosha nao. Mkiwashika Baba, Baba Mkubwa na Yustina, binti wa Baba Mkubwa, basi mmeishika habari yote.

Imenirudia juzi. Mkwe wangu alileta juisi zile za boksi zenye kamrija kembamba pembeni, kitukuu akakachomeka, akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Wakati huohuo jikoni kulikuwa na ndizi zimeiva kupita kiasi, zimeanza kutoa ile harufu yake tamu inayokaribia uchachu. Nikaona mrija, nikanusa ndizi, nikawa nimekaa uani kwetu Kibirizi, matope katikati ya vidole vya miguu, nimeshika nguo ya Yustina kwa nyuma nisije nikaachwa.

Ugomvi ulikuwa hivi. Bibi alikuwa akiishi Kalinzi, juu, kwenye migomba yake na kahawa yake, jirani na mlango wa Baba Mkubwa. Akaanza kuvimba miguu. Baba akapata habari huku chini, akapanda na vijana wa mwaloni wanaopakua samaki, wakamweka Bibi kwenye machela, wakamshusha hadi mjini awe karibu na hospitali. Walifanya vema, miguu ilipona. Lakini siku hiyo Baba Mkubwa alikuwa amesafiri na kahawa. Aliporudi alikuta nyumba ya mama yake imefungwa kwa kamba na majivu ya jikoni yamepoa. Hakuna aliyemwachia hata neno. Baba alikuja kusema baadaye kwamba alisahau kwa haraka. Baba Mkubwa akasema mtu hasahau kumwambia kaka yake kwamba anamhamisha mama yao. Akasema mbele ya watu wa kilima kizima, "Nestori kamchukua mama yangu kama mtu anayechukua gunia. Sitakaa naye chungu kimoja tena."

Kwa mtu asiyetoka kwetu maneno hayo yanaweza kuonekana madogo. Kwetu sisi pombe ya sikukuu ilinywewa kwenye chungu kimoja, watu wamekizunguka, kila mtu na mrija wake wa tete. Wenye kinyongo hawaingizi mirija kwenye chungu kimoja. Na waliogombana, siku wakitaka yaishe, haikuwa lazima waseme mengi. Waliwekewa chungu, wakavuta pamoja, watu wakaona, yakaisha. Kwa hiyo mtu akisema sitakaa na fulani chungu kimoja, amefunga mlango na ufunguo ameutupa ziwani.

Bibi hakushuka peke yake. Mzee wa namna ile hupewa mjukuu wa kulala naye, wa kumletea maji na kumshika mkono akiamka, na Bibi alikuwa na Yustina. Baba Mkubwa, pamoja na hasira zake zote, alimwacha Yustina amfuate Bibi, maana Bibi bila Yustina angelala na nani? Ndivyo Yustina alivyokuja kwetu, na kifurushi cha nguo, na woga wa ziwa ambao haukuisha mwezi mzima. Tulikuwa umri mmoja. Tulilala jamvi moja miguuni kwa Bibi, tulichota maji pamoja, tuliwageuzia watu dagaa wao waliotandazwa mchangani. Sikuwa na dada kabla yake. Alipokuja ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nikiishi bila kitu.

Sasa, wiki chache kabla ya Krismasi, alikuja Filbeti, mtu wa Kalinzi aliyekuwa akishusha ndizi, akatua mkungu mlangoni, akasema, "Mzee Melkiori anawasalimu. Anasema Krismasi anakuja."

Mama aliacha kuchambua mchele. "Anakuja hapa?"

"Hapa."

"Kasema anakuja kufanya nini?"

"Mimi nimepewa salamu tu, mama, sikupewa sababu."

Siku ile jioni nilimsikia Mama akimwambia Baba, kule walikodhani hatupo, "Atamchukua mwanawe. Hana kingine cha kumleta. Na tutamzuia kwa lipi? Ni mwanawe." Baba alikuwa akisugua lami iliyomganda viganjani kwa mafuta ya mawese, na aliendelea kusugua hata ilipokwisha kutoka.

Yustina alikuwa amelala. Mimi sikumwambia. Nilianza tu kumshika nguo.

Bibi aliposikia mwanawe anakuja hakuuliza sababu. Aliuliza ndizi. Alikuwa na miezi mingi huku chini akilalamika kwamba maji ya ziwa hayana ladha na kuku wa Kibirizi wananuka samaki, lakini habari ile ilimnyanyua. Alituchimbisha shimo uani, tukalitandika majani ya mgomba, tukapanga ndizi mbichi, tukazifukia, na pembeni moshi ukaingizwa kuziivisha. Zilipofukuliwa zilikuwa za njano na zina joto kama mwili wa mtu. Tulizimenya, tukazikanda na nyasi ndani ya mtumbwi mdogo wa zamani ambao Baba aliuchonga mahsusi kwa kazi hiyo, tukazikanda mpaka mikono ikawasha na nyuki wakaja. Maji matamu yanayotoka pale kabla hayajachacha sisi Waha tunayaita umutobe, na hayo ndiyo ya watoto. Ya wakubwa Bibi aliyatia unga wa mtama uliokaangwa, akayafunika, akakataza mtu kupitisha kivuli karibu yake.

"Nitawawekea chungu," alisema. "Wote wawili. Niwaone kama wana ubavu wa kukataa chungu nilichokamua mimi."

Mirija ililetwa na Shangazi Zainabu. Alikuja kutoka Ujiji siku mbili kabla, dumu la mawese mkono mmoja, na kichwani mzigo wa matete aliyokatiwa mto Luiche. Yeye mwenyewe hakuwa akinywa tangu aolewe, na kila mwaka aliwatania. "Chukueni dhambi zenu," alisema, akitua mzigo. "Mimi nazibeba tu, mume wangu asije akaniuliza."

Kazi ya kukata mirija nilipewa mimi. Nilikata ya Papa Kalumba, ya Baba, ya Bibi. Ya Baba Mkubwa nilichagua tete refu kuliko yote, nene, lililonyooka, nikalisugua kwa mchanga, nikalitoboa vifundo vyake kwa ujiti mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Kichwani mwangu nilikuwa na hesabu yangu. Baba Mkubwa akivuta kwenye chungu kimoja na Baba, ugomvi umekwisha. Ugomvi ukiisha, hana sababu ya kumchukua Yustina. Basi kilichobaki ni kwamba mrija uwe mzuri. Niliamini kabisa kwamba mambo yote yako kwenye lile tete.

Akafika siku moja kabla ya Krismasi, mvua imetoka kumpiga. Nilikuwa nimemsahau alivyo. Nilikumbuka mtu wa sauti, mtu wa kucheka na kutukana ng'ombe. Huyu aliyesimama mlangoni alikuwa mrefu kweli, lakini kimya, amekunja mikono kifuani kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mawe," alimwambia Bibi, ndivyo tunavyoita mama kwa Kiha. "Shikamoo. Nimefika."

"Naona umefika," alisema Bibi. "Umekonda. Keti."

Baba alitoka chumbani. Walishikana mikono, wakaulizana habari za mvua. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya vichwa vyao na wote wawili waliulizana kama inanyesha.

Yustina alimkimbilia, naye akamwinua juu, akamweka chini, akaangalia miguu yake. Aliiangalia kwa makini sana, akaipima kwa kiganja. "Imekua," alisema. Kisha akanipa mimi mkoba wake niupeleke ndani. Mdomo wa mkoba haukufungwa vizuri, na juu kabisa, kabla ya nguo, nikaona viatu vya katambuga, vile vya matairi, vipya, vidogo, mikanda yake bado myeusi tititi. Vya mtoto. Vya miguu ya Yustina.

Sasa mtu apewe katambuga za nini hapa Kibirizi, mahali ambapo kuna mchanga mlango hadi mlango? Katambuga ni za njia ya mawe. Ni za kupandia Kalinzi. Niliutua mkoba ule juu ya kitanda cha Bibi kama uliokuwa na nyoka.

Jioni ile nilimwangalia Baba Mkubwa kuliko nilivyoangalia chakula. Alimwita Baba pembeni, karibu na mlango wa uani. "Nestori, nina neno." Kabla Baba hajafika, mlango wa mbele ukagongwa, mafundi wenzake Baba wameleta samaki mkubwa wa mgebuka kama zawadi. Wakakaa, wakala. Walipoondoka, Baba Mkubwa akaanza tena, "Nestori, kuna jambo limenileta," mara Mama Feza akaingia kuazima sufuria na hakutoka mpaka amesimulia harusi ya mtu. Mara ya tatu Simoni alilia. Kila alipofungua mdomo niliona kabisa jina la Yustina liko ulimini, na kila mgeni aliyebisha hodi nilimshukuru moyoni kama malaika.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kanisa, Bibi alitubakizia ndizi za mwisho, tukakamua umutobe wetu wenyewe, mimi na Yustina, tukaujaza kwenye kachungu kadogo ka watoto tukakaficha kivulini uani. Tulirudi kanisani tumelowa, tukala wali na nyama ya mbuzi na mgebuka wa kukaanga, watu wakakaa chini ukumbini, wengine barazani. Ndipo Bibi akasema, "Leteni chungu."

Papa Kalumba na Baba walikibeba kwa pamoja. Kikawekwa katikati. Povu lilikuwa likipumua. Harufu yake ilijaza nyumba, kali, ya mtama na ndizi, mpaka Simoni akapiga chafya. Mimi nikagawa mirija. Nikampa Bibi, yeye akavuta kwanza kuonyesha ni salama, ndiyo desturi. Nikampa Papa Kalumba. Nikampa Baba. Wa Baba Mkubwa nikautoa mwisho, nikampa kwa mikono miwili.

Aliupokea. Akaugeuza, akauangalia nilivyousugua. "Ni kazi nzuri hii," alisema. Akaulaza magotini.

Watu wakavuta. Baba hakuvuta, aliushika mrija wake juu ya chungu akimngoja kaka yake. Baba Mkubwa aliangalia sakafu.

"Muzee iko naogopa pombe?" Papa Kalumba alitania, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Ile ya Kalinzi iko kali kupita hii, minajua."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Mimi nilijua kosa liko wapi. Mrija umeziba. Nimeacha kifundo kimoja. Niliinuka, nikauchukua magotini mwake, nikapuliza. Upepo ukapita vizuri, ukatoa sauti kama filimbi. Nikamrudishia. Bado hakunywa. Basi labda ni mrefu mno, nikafikiri, nikakimbia nje nikaleta mwingine, mfupi kidogo, nikampa na huo. Akaupokea pia, akasema, "Asante, mwanangu," akawa na mirija miwili mkononi na hanywi hata tone.

Bibi alikuwa amekazia macho mkono wenye mirija miwili. Baba aliushusha mrija wake taratibu, akauweka chini kando ya chungu, akainuka, akaenda kusimama mlangoni akiangalia mvua. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa imekakamaa.

"Naomba nipunge hewa," alisema Baba Mkubwa. Akainuka, akatoka kwa mlango wa uani.

Uani ndiko alikokuwa Yustina.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nilimkuta amesimama chini ya upenu wa jiko, maji yanadondoka mbele yake, na Yustina amechuchumaa kwenye kachungu ketu akigawana umutobe na Feza na Mateso. Nilipita pembeni mwa Baba Mkubwa, nikachuchumaa nyuma ya Yustina, nikashika gauni lake kwa mikono yote miwili. Yustina akasema, "Unanichania." Sikuachia.

Baba Mkubwa akauliza, "Hicho chungu ni cha nani?"

"Chetu," alisema Yustina. "Cha watoto."

"Kina nini?"

"Umutobe, baba. Tumeukamua asubuhi."

"Hamkutia mtama?"

"Bibi katukataza. Anasema tutalewa tumtukane padri."

Nikamwona anacheka, mara ya kwanza tangu afike. Akavuta kigoda, akakaa kati ya Feza na Mateso, magoti yamefika karibu na masikio, akachukua ule mrija wangu mrefu akautumbukiza kwenye kachungu ketu. Akavuta. Alivuta kwa muda mrefu, amefumba macho, mpaka Mateso akasema kwa uchungu, "Babu, na sisi tunakunywa."

Shangazi Zainabu alikuwa ametoka kumfuata kaka yake. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaangalia hali ile. Mtu aliyekaa miaka mingi kwenye sikukuu za watu akikataa pombe anaona asichokiona mwingine.

"Kaka," alisema polepole. "Umeokoka?"

Baba Mkubwa alifuta mdomo. "Tangu mavuno ya kahawa."

"Yaani mlokole kabisa? Wa kuimba na kulia?"

"Dafroza, usinicheke."

"Sikucheki. Mbona hukusema? Umekaa pale na mirija miwili kama mtu wa kutuloga."

"Nitasemea wapi? Tangu jana nafungua mdomo, kila nikifungua anaingia mtu na samaki." Akatazama ndani, akashusha sauti. "Na Mawe kakamua kwa mikono yake. Namwambiaje kwamba sinywi? Nilikuja kumwomba Nestori msamaha. Ndiyo njia yetu sasa, ukiokoka unarudi kwa kila uliyemkosea unasema. Nilimsema vibaya mbele ya kilima kizima. Mama alipona kwa sababu yake, mimi nikamwita mwizi. Nimekuja kulitengeneza, na sasa nimezidi kuliharibu."

Shangazi aligeuka, akaita kuelekea ndani kwa ile sauti yake ya kuita wateja wa mawese, "Nestori, njoo huku nyuma. Kaka yako anawamalizia watoto kinywaji chao."

Baba akaja. Akasimama mlangoni pale aliposimama Shangazi. Alimwona kaka yake mkubwa, mtu aliyekuwa akiogopwa vilabuni Kalinzi kote, amekaa kwenye kigoda cha mtoto na povu la umutobe kwenye ndevu. Aliangalia kachungu. Aliangalia sisi. Wala Shangazi hakuhitaji kumweleza sana, alimwambia tu, "Kaokoka huyu. Hanywi ya mtama." Na nilimwona Baba uso wake unavyofunguka, polepole, kama mtu aliyekuwa amebeba boti begani peke yake na wenzake wamekuja kushika upande wa pili.

Alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Hakuwa na mrija, wake aliuacha kule ndani sakafuni. Baba Mkubwa alikuwa bado ameshika ule wa pili, ule mfupi niliomkimbilia. Akamnyooshea.

"Nestori, mimi nilikuja kusema..."

"Kunywa kwanza," alisema Baba.

Wakainama juu ya kachungu kale, vichwa viwili vinakaribia kugusana, wakavuta. Baba hakuwa mtu wa vitu vitamu maisha yake yote, alisema vinamuuma jino. Alivuta mpaka tukasikia chini kunakwaruza.

Bibi alikuwa amejikongoja mpaka mlangoni akishikilia ukuta. Shangazi alimweleza. Alisikiliza yote, akamwangalia mwanawe mlokole, akamwangalia mwingine. "Kwa hiyo," alisema, "mwezi mzima nimekanda ndizi kwa ajili ya Kalumba."

Kutoka ndani Papa Kalumba akajibu, "Na Mungu akubariki, mama." Hapo ndipo nyumba nzima ilipocheka, na kicheko kile kilikuwa cha watu waliokuwa wamebana pumzi tangu siku iliyopita.

Lakini mimi nilikuwa bado nimeshika gauni. Hakuna aliyekuwa amesema neno juu ya jambo langu. Sikuweza kungoja zaidi, nikauliza, "Baba Mkubwa, kwa hiyo unamchukua Yustina lini?"

Wote wakanigeukia. Yustina pia, maana yeye hakuwa na habari yoyote.

"Nimchukue nimpeleke wapi?" alisema Baba Mkubwa. "Na bibi yenu atalala na nani?"

"Lakini katambuga..."

"Umeziona?" Alionekana kusikitika kidogo, kama mtu aliyeharibiwa shughuli yake. "Basi nenda kalete mkoba."

Nikaleta. Akatoa katambuga nilizoziona, akampa Yustina. Akaingiza tena mkono chini ya nguo, akatoa nyingine, sawasawa na zile, mikanda myeusi vilevile, akanipa mimi. "Wewe sikuwa na kipimo chako," alisema. "Nikakisia mnalingana. Ni za kanisani. Na mvua zikipungua mtakuja wote wawili na bibi yenu, kama ataweza, mnitembelee mle ndizi mpaka mchoke. Halafu mtarudi kwenu."

Alisema kwenu. Nililisikia vizuri neno lile na nililiangalia likielekezwa kwetu sote wawili.

Niliachia gauni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikavaa katambuga zangu, zilinizidi kama nusu kidole, nikatembea nazo kwenye matope ya uani kwenda na kurudi, nikiacha alama za tairi kama gari dogo, na Yustina nyuma yangu na zake, mpaka Mama akatufokea tuingie ndani.

Yustina aliishi nasi mpaka Bibi alipotutoka, na hata hapo hakuondoka, aliondoka baadaye na mume. Sasa anakaa Kalinzi, hukohuko juu, ana wajukuu wengi kuliko mimi na magoti mabovu kuliko mimi. Krismasi hupigiana simu. Mwaka jana tumebishana tena jambo lilelile. Mimi nimeandika hapa kwamba vichwa viliinama pamoja, lakini ukinibana nitakwambia aliyevuta kwanza ni Baba, maana niliona tete lake likitingishika. Yustina anasema hapana, ni baba yake, na kwamba mimi nilikuwa nyuma yake nimefumba macho na nalia, nisingeona chochote. Nakumbuka sikulia. Nakumbuka pia mbuzi, lakini yeye anasema mwaka ule tulikula kuku.

Waliokuwepo wengi wameshalala. Ila Feza na Mateso wa Papa Kalumba walikuwa wamekaa palepale kwenye kachungu, karibu kuliko sisi, na nimesikia wapo, mmoja Mwanga sokoni, mjini kwetu, mwingine alirudi ng'ambo. Kama haya yatawafikia, au yeyote aliyehadithiwa na watu wa nyumba ile, tafadhali anisahihishe. Mbuzi au kuku, nani alivuta kwanza, nililia au sikulia. Nitakubali. Mirija tu ndiyo sitaki mtu anibishie. Ilikuwa miwili, na niliikata mimi.